Handaki la maji la ngome ya Bodiam: lilikuwa kinga ya vita au pambo la mwenye nyumba?

MchoraRamani

Salaam, ndugu wanajukwaa. Ninatengeneza mfano mdogo wa ngome ya Bodiam, iliyoko Sussex Mashariki, kusini mwa Uingereza, kwa ajili ya kazi ya darasa la usanifu wa majengo, na kadiri ninavyoichora ndivyo inavyozidi kunitatiza. Umbo lake ni rahisi kulieleza: kuta nne zinazokaribia kufanya mraba, mnara wa duara katika kila pembe, mnara wa pembe nne katikati ya kuta za mashariki, magharibi na kusini, na upande wa kaskazini lango kuu lenye minara miwili pacha. Hakuna mnara mkuu wa kukimbilia, kama ule wa ngome za Wanormandi wa zamani zaidi. Vyumba vyote viliegemezwa kwenye kuta kwa ndani, vikauzunguka ua ulio wazi. Jengo zima limekaa katikati ya maji mapana kiasi kwamba ukilitazama kutoka ukingoni huoni ardhi yoyote chini ya kuta zake.

Kinachonitatiza ni hayo maji. Nimesoma kwamba handaki hilo lilichimbwa kwa hofu ya Wafaransa, na nimesoma pia kwamba Bodiam si ngome hata kidogo, bali ni nyumba ya tajiri iliyovikwa mavazi ya askari. Mfano wangu utapimwa kwa jinsi nitakavyoeleza kazi ya kila sehemu, kwa hiyo siwezi kuandika mambo yote mawili kisha nikaliacha jambo likining'inia. Naomba pia kuelezwa kwa nini kuta za nje zimesimama karibu zima ilhali ndani kumebaki magofu matupu. Natanguliza shukrani.

Mlinzi wa Mnara

Ndugu MchoraRamani, anza na kibali chenyewe, kwa sababu ndicho ushahidi wa maandishi ulio karibu zaidi na siku ya ujenzi. Mwezi wa Oktoba 1385, Mfalme Richard II alimruhusu Sir Edward Dallingridge kuizungushia nyumba yake ya Bodiam ukuta wa mawe na chokaa wenye meno juu yake, na kuifanya ngome, na kibali kikataja sababu: ulinzi wa nchi ya jirani na kuwapinga maadui wa mfalme. Hayo hayakuwa maneno ya mapambo. Vita vya Miaka Mia, kati ya Uingereza na Ufaransa, vilikuwa vinawaendea vibaya Waingereza wakati huo. Mji wa Rye ulichomwa na Wafaransa mwaka 1377, Winchelsea ukashambuliwa mwaka 1380, na katika miaka ya 1385 na 1386 pwani yote ya kusini iliishi ikitarajia uvamizi mkubwa kutoka ng'ambo ya mlango wa bahari. Mto Rother, unaopita chini ya ngome hiyo, ulipitika kwa vyombo hadi Bodiam, kwa hiyo anayesema mahali hapo pako mbali mno na bahari anaitazama ramani ya leo.

Sasa litazame lango. Juu yake kuna roshani za mawe zilizochomoza nje ya ukuta, zenye matundu sakafuni ya kumwangushia adui vitu vizito. Ukutani mna matundu yaliyochongwa kwa umbo la tundu la ufunguo kwa ajili ya bunduki za wakati ule, na Bodiam ni miongoni mwa majengo ya mapema ya Uingereza kuwa nayo. Ndani ya njia ya lango, dari la mawe lina matundu mengine ya kumshambulia aliyekwisha kuingia. Kulikuwa na nafasi ya malango matatu ya kuteremshwa kutoka juu, na moja kati ya hayo, la mti wa mwaloni lililopigwa mabamba ya chuma, bado linaning'inia mahali pake. Mtu hafanyi gharama kama hizo kwa kuwafurahisha wageni.

Nakuomba uizingatie zaidi njia ya kuingilia, maana wengi huikosea. Daraja la leo linanyooka kutoka ukingo wa kaskazini hadi langoni, lakini daraja la zamani halikuwa hivyo. Lilianzia ukingo wa magharibi, likavuka maji mengi hadi kwenye kisiwa kidogo cha pembe nane kilicho mbele ya lango, na hapo njia ikakata kona ya mraba kuelekea kusini, ikapita katika jengo la lango la nje, ndipo ikafika kwenye lango kuu. Mtu aliyevuka kutoka magharibi kwenda mashariki alikuwa na ngome mkono wake wa kulia. Askari hushika ngao kwa mkono wa kushoto. Kwa hiyo katika urefu wote wa daraja lile, ubavu usio na ngao ndio uliokuwa ukiwaelekea wapiga mishale wa ukutani. Aliyeipanga njia hiyo alikuwa ameona vita.

Binti wa Nyaraka

Nakubaliana na ndugu Mlinzi kuhusu daraja, na pia kwamba Dallingridge alikuwa ameona vita. Alikwenda Ufaransa na kupigana huko chini ya makamanda mbalimbali, akiwamo Sir Robert Knolles, ambaye nembo ya ukoo wake imechongwa juu ya lango dogo la nyuma. Vita hivyo ndivyo vilivyomtajirisha. Hata hivyo, kibali cha mfalme hakithibitishi yote anayotaka kithibitishe. Vibali vya namna hiyo viliombwa na mwenye nyumba mwenyewe, na kwa familia iliyokuwa ikipanda, kuruhusiwa na mfalme kuweka meno juu ya ukuta kulikuwa heshima inayotafutwa kwa ajili yake yenyewe. Sababu iliyoandikwa humo ni ile ambayo mwombaji na mfalme waliona inafaa kusomwa hadharani. Isitoshe, kibali kinazungumzia kuiimarisha nyumba iliyokuwapo, lakini Dallingridge aliiacha hiyo nyumba ya zamani na kujenga upya mahali pengine, katika uwanja aliouchagua mwenyewe. Kwa hiyo tusikisome kana kwamba ni mchoro wa fundi.

Jambo linalosahauliwa ni kwamba Bodiam haikuwa mali ya ukoo wake. Ilimjia kwa ndoa, kupitia mkewe Elizabeth, mrithi wa ukoo wa Wardeux. Ukisimama mbele ya lango kuu utaona nembo tatu zimechongwa kwenye jiwe juu yake, za Wardeux, za Dallingridge na za Radynden, nazo zinamweleza kila anayeingia kwamba mwenye nyumba ana haki ya kuwapo hapo kwa damu na kwa ndoa. Mtu asiye na wasiwasi juu ya nafasi yake hana haja kubwa ya kuandika hayo langoni.

Wasiwasi huo ulikuwa na sababu. Dallingridge aliiwakilisha Sussex katika Bunge mara nyingi kati ya 1379 na 1388, na katika miaka hiyohiyo alikuwa na ugomvi mkali na John of Gaunt, Duke wa Lancaster, ambaye ni baba mdogo wa mfalme na aliyekuwa amepata ardhi nyingi katika eneo hilo. Wenyeji wenye vyeo waliona mamlaka yao yakimegwa na mtu mkubwa aliyetoka nje, na Dallingridge akawa mbele katika kuwasumbua maofisa wake, hata akashtakiwa mwaka 1384. Mwaka uliofuata akapata kibali cha ngome. Mimi nikiiweka miaka hiyo miwili pamoja, naona ukuta wa Bodiam ukiwaelekea majirani sawasawa na unavyowaelekea Wafaransa. Wala tusisahau uasi wa wakulima wa mwaka 1381, ambao ulitikisa Kent, mlango wa pili kutoka hapo, na kuwafundisha wenye mali kwamba hatari haiji kwa merikebu peke yake.

Kuna jengo la kulinganisha ambalo ningekushauri ulisome kabla hujaandika maelezo yako, nalo ni ngome ya Cooling katika Kent. John Cobham alipewa kibali chake mwaka 1381, naye akaweka langoni bamba la shaba lenye maneno ya Kiingereza cha wakati huo, yakitangaza kwamba ngome hiyo imejengwa kwa ajili ya kuisaidia nchi. Mwenye nyumba aliyeona haja ya kubandika tangazo kama hilo alijua kwamba wapita njia wangeweza kufikiri vingine.

Fundi Chokaa

Naomba niingie kwenye maji, kwa sababu wote wawili mmeyapita pembeni na swali lilikuwa la maji.

Handaki la Bodiam halikuelekezewa mto. Linajazwa na chemchemi, baadhi yake zikiwa ndani ya handaki lenyewe, na mahali palipochaguliwa ni mtelemko, si uwanda. Upande wa juu, kaskazini, ilitosha kuchimba. Upande wa chini, kusini na mashariki, ilibidi kujenga tuta la udongo la kuyashika maji yasimwagike bondeni. Ndiyo maana kina hakilingani. Lord Curzon, mmiliki wa baadaye wa ngome hiyo, alipolikausha handaki hilo katika matengenezo yaliyoanza mwaka 1919, ilionekana kwamba kina cha wastani ni kama mita 1.5, na kwenye pembe ya kusini-mashariki kinafika kama mita 2. Katika mfano wako, MchoraRamani, usiichore sakafu ya handaki ikiwa bapa.

Udhaifu unatokana na tuta hilohilo. Adui mwenye majembe na usiku mmoja au miwili ya kazi angeweza kulikata na kuyaacha maji yaende zake, na hakuna kilichojengwa cha kulilinda kwa nje. Linganisha na Caerphilly kule Wales, ambako Gilbert de Clare alianza kujenga mwaka 1268: pale mabwawa yanayoshika maji yalijengwa yakiwa ngome kwa haki yao, yenye kuta na minara, kwa sababu mjenzi alijua kwamba anayelishika bwawa ameishika ngome. Bodiam hakuna kitu kama hicho. Hata hivyo nisingekimbilia kusema kwamba handaki halikuwa na faida ya kivita. Mita moja na nusu ya maji juu ya tope inatosha kabisa kuzuia ngazi, na inatosha kumzuia mtu asichimbe shimo chini ya ukuta ili kuuangusha, mbinu ambayo ilikuwa imeangusha ngome nyingi. Inakupa usalama dhidi ya kikosi cha watu wachache wanaopora na kuondoka, ila haikupi usalama dhidi ya jeshi lililokuja kukaa.

Na kuna kazi ya kila siku ambayo maji hayo yalifanya bila kujali vita. Ngome hii ilikuwa na vyoo vipatavyo 28, vilivyojengwa ndani ya unene wa kuta na minara, na vyote vilimwaga moja kwa moja handakini. Idadi hiyo ni kubwa mno kwa kambi ya askari. Ukiongeza na meko ya ukutani 33, unapata picha ya nyumba iliyogawanywa katika makazi mengi ya watu wenye hadhi, kila mmoja na moto wake na choo chake karibu na chumba chake. Hapo ndipo ninapoona ustadi mkubwa zaidi wa Bodiam, kuliko hata langoni: namna vyumba vilivyopangwa ndani ya mraba ule bila kupoteza nafasi. Ukumbi mkuu ulikuwa upande wa kusini, ukikabiliana na lango kuu ng'ambo ya ua. Jiko lilikuwa magharibi mwa ukumbi, karibu na mnara wa pembe ya kusini-magharibi ambao chini yake kuna kisima na juu yake mliwekwa viota vya njiwa wa kuliwa. Makazi ya bwana na bibi yalikuwa mashariki, na kikanisa upande huohuo kikiwa na dirisha kubwa linalotoboa ukuta wa nje. Dirisha hilo, ndugu Mlinzi, lingekuwa jambo la ajabu katika ukuta uliokusudiwa kupigwa mawe.

Kuhusu uzuri wa maji hayo machoni pa mtazamaji, hilo nalo lilikusudiwa. Upimaji wa ardhi ya kandokando uliofanyika mwishoni mwa miaka ya 1980 ulionyesha kwamba handaki lilikuwa sehemu moja tu ya mpango mkubwa wa mabwawa na matuta, uliomfanya mgeni apite kando ya maji kadhaa na kuiona ngome kutoka pande mbalimbali kabla ya kufika. Minara yenyewe ina kimo cha takriban mita 18 tu, lakini kivuli chake majini huiongezea ukubwa. Tukumbuke pia kwamba Dallingridge aliyatafutia maji ya eneo hilo faida ya fedha: mwaka 1386 alipewa ruhusa ya kuchepusha maji ya Rother ili yaendeshe kinu chake, na tayari mwaka 1383 alikuwa amepata hati ya kuwa na soko la kila wiki na gulio la mwaka hapo Bodiam. Ngome, kinu, soko na gati vilikwenda pamoja.

Mlinzi wa Mnara

Hoja ya tuta naipokea, Fundi, nayo ni nzito. Ya dirisha siipokei kwa urahisi. Dirisha la kikanisa liko juu ya maji, upande ambao hauna njia ya kuufikia, na mjenzi mwenye handaki anaweza kuthubutu kutoboa ukuta pale ambapo mjenzi asiye nalo asingethubutu. Kwa maneno mengine, handaki ndilo lililoruhusu starehe hiyo. Halafu tusiipime Bodiam kwa kipimo cha Caerphilly, ambayo ilijengwa na mtu mwenye utajiri wa kifalme katika nchi iliyokuwa ikipiganiwa. Kipimo cha haki ni majirani zake wa wakati uleule, kama vile Scotney na Amberley, nao wote ni nyumba zenye kuta za kuzuia uvamizi wa ghafla.

MchoraRamani

Nawashukuru sana nyote. Naona sasa kwamba nitaandika juu ya handaki kama kitu kimoja chenye kazi kadhaa kwa wakati mmoja, na nitaonyesha tuta la kusini kwa rangi tofauti ili udhaifu wake uonekane. Limebaki swali langu la magofu. Kama Wafaransa hawakufika, ni nani aliyeubomoa ukumbi, na kwa nini akaacha kuta za nje?

Binti wa Nyaraka

Historia ya vita ya Bodiam ni fupi, na inafaa usiifupishe zaidi kwa kusema kwamba haikupata kuzingirwa kamwe. Dallingridge alifariki miaka michache tu baada ya ujenzi, baada ya kuwa msimamizi wa jiji la London kwa muda mwaka 1392, mfalme alipolinyang'anya jiji hilo haki zake. Ngome ilibaki kwa ukoo wake hadi ilipoingia kwa ndoa katika ukoo wa Lewknor. Mwaka 1483 Sir Thomas Lewknor alikuwa upande uliompinga Richard III, na mfalme akatoa amri ya kukusanya watu wa kuizingira Bodiam. Inavyoelekea ilijisalimisha bila mapigano ya maana, na baada ya Henry VII kushika ufalme mwaka 1485 ikarudishwa kwa wenyewe.

Kubomolewa kwa ndani kunahusiana na vita vya wenyewe kwa wenyewe vya karne ya 17. Mmiliki wa wakati huo, John Tufton, Earl wa Thanet, alikuwa upande wa Mfalme Charles I, na Bunge likamtoza faini kubwa. Ili alipe, aliiuza Bodiam mwaka 1644 kwa pauni 6,000 kwa Nathaniel Powell, aliyekuwa mtu wa upande wa Bunge. Baada ya mauzo hayo, lango la nje, madaraja na majengo ya ndani yalivunjwa. Angalia kilichochaguliwa: waliondoa njia ya kuingilia na mahali pa kuishi, na kwa kufanya hivyo waliifanya isifae kukaliwa na kikosi. Kuangusha kuta nene zilizozungukwa na maji kungekuwa kazi ya gharama isiyoongeza faida, wakati mbao, madini ya risasi yaliyoezeka mapaa na mawe yaliyochongwa ya ndani vyote vilikuwa na bei sokoni.

Karne mbili baadaye hata kuta hizo zilikaribia kuondoka. Mwaka 1829 John Fuller, ambaye wenyeji walimwita Jack Mwendawazimu, aliinunua pamoja na ekari 24 kwa pauni 3,000 ili isibomolewe na kuuzwa mawe yake, akatengeneza mnara mmoja. Baada yake George Cubitt aliendeleza matengenezo, kisha wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia ikanunuliwa na Lord Curzon, aliyewahi kuwa mtawala wa India kwa niaba ya mfalme, naye alipofariki mwaka 1925 akaiachia taasisi ya National Trust, ambayo inaitunza hadi leo.

Fundi Chokaa

Nyongeza moja ya manufaa kwa mfano wako. Curzon na msanifu wake, William Weir, walipoondoa tope la karibu mita 1 lililokuwa limejaa handakini, walikuta misingi ya madaraja ya zamani upande wa magharibi na pia upande wa kusini. Kwa hiyo usisahau daraja la pili, lililotoka kwenye lango dogo la nyuma kuelekea bondeni, kwenye kinu na mto. Wengi huchora lile la magharibi na kuliacha hili, ilhali mizigo ya jikoni ingekuwa na njia fupi zaidi kupitia hapo. Jengo la lango la nje, kati ya kisiwa cha pembe nane na lango kuu, lilikuwa la ghorofa mbili. Leo kimebaki kipande cha ukuta wake wa magharibi tu, ila kinatosha kukuonyesha upana. Weka daraja la kunyanyuliwa kati yake na kisiwa cha pembe nane.